Kutengeneza springi za nyuma za Land Rover ya zamani ukiwa nyumbani Tabora

Land Rover ya Series iliyolala upande mmoja kwa nyuma ni jambo la kawaida katika Mkoa wa Tabora, na dawa inayotolewa haraka katika gereji nyingi ni ileile: ongeza kwenye springi jani moja au mawili, yaani vile vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, gari litasimama. Gari husimama kweli. Hata hivyo, mshtuko ambao springi ilikuwa ikiupokea kwa kunyooka na kurudi unahamia kwenye chesisi, na chesisi yenye umri wa miaka arobaini au hamsini, ambayo mara nyingi imeshaliwa na kutu kwa ndani, huanza kupasuka mahali springi zinaposhikiliwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzirudisha springi za nyuma katika hali ya asili, nyumbani, kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvipata au kuviazima mjini, bila kulibebesha gari kitu ambacho halikuundwa kukibeba.

Maelezo yanahusu Series II, IIA na III, ambazo zilitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1985, kwa urefu wa 88 na 109. Namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani takriban sentimita 224 na 277. Land Rover zilizofuata, kuanzia One Ten ya mwaka 1983, zina springi za koili, yaani za chuma cha mviringo kilichozungushwa kama konokono, na kazi yake ni tofauti kabisa.

Namna springi ilivyofungwa

Kila upande wa nyuma una springi moja ya majani, ambayo ncha yake ya mbele imefungwa kwa pini kwenye bano lisilosogea la chesisi, na ncha yake ya nyuma inaning'inia kwenye shekeli, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyoiruhusu springi kurefuka inapobanwa na kufupika inapoachiwa. Jani namba moja ndilo lenye macho mawili ya kupitishia pini. Majani yote yanashikwa pamoja katikati na senta bolti, ambayo kichwa chake kinaingia katika tundu la kikalio cha ekseli ili ekseli isisogee mbele wala nyuma. Katika magari haya springi hupita chini ya ekseli, kwa hiyo yu-bolti mbili, yaani bolti zilizopindwa kwa umbo la herufi U, zinaikumbatia ekseli kutoka juu na kufungwa kwa nati kwenye sahani iliyo chini ya springi, sahani hiyo hiyo inayoshika ncha ya chini ya shokomzoba.

Kila upande una bushi tatu: mbili ndani ya macho ya springi na moja ndani ya bomba fupi la chesisi pale shekeli inapofungwa. Bushi hizi ni mpira ulioshikamana na mabomba mawili ya chuma, moja la ndani na moja la nje. Pini inapokazwa, bomba la ndani hubanwa lisizunguke kabisa, na mwendo wote wa springi hutokea kwa mpira wenyewe kujinyonga kidogo na kurudi. Jambo hili ni la kushika vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua ni wakati gani wa kukaza pini, na mafundi wengi wazuri hulikosea.

Kujua ubaya uko wapi

Lisimamishe gari likiwa tupu mahali palipo sawa, kisha pima kwa kila upande umbali kati ya ekseli na ile raba ya kugonga iliyo chini ya chesisi. Upande mmoja ukiwa chini zaidi, usikimbilie kuhukumu springi ya upande huo, kwani inawezekana gari limeinamishwa na springi ya mbele. Pima na mbele pia.

Baada ya hapo safisha springi kwa brashi ya waya na uiangalie jani kwa jani. Nyufa hupenda kuanzia mahali tundu la senta bolti lilipo, kwa kuwa hapo chuma kimetobolewa na kimebanwa, na pia kwenye jani namba moja karibu na macho. Kuna njia ya zamani ya kuutafuta ufa usioonekana ambayo bado ninaiamini kuliko macho ya fundi yeyote: paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri kidogo, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Njia hii inafanya kazi vizuri zaidi springi ikiwa imefunguliwa, ila kingo za majani unaweza kuzikagua hata springi ikiwa bado chini ya gari.

Pima vilevile umbali kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi alama moja ya chesisi, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikitofautiana, senta bolti huenda imekatika na ekseli imesogea, hali inayolifanya gari liende upandeupande kama kaa na kula matairi. Mwisho ingiza mtaimbo kati ya shekeli na springi, kisha unyanyue taratibu. Pini ikicheza ndani ya bushi, au mpira ukiwa umechomoza na kupasuka, bushi zimekwisha. Kwa uzoefu wangu, gari nyingi zinazosemekana zina springi mbovu zina bushi na pini mbovu, na majani yenyewe ni mazima.

Spea na vifaa

Springi mpya na bushi za magari haya bado zinatengenezwa na zinaagizika kutoka Dar es Salaam, ingawa itakubidi kusubiri. Unapoagiza, taja kama gari ni 88 au 109 na taja upande, kwa kuwa springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazifanani: ya dereva imepindwa zaidi ili gari likae sawa dereva na mzigo wa kawaida vikiwamo. Springi mbili za upande mmoja zikiuzwa kama jozi, gari halitakaa sawa hata ukilifunga kwa ustadi gani. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, kwani springi mpya pembeni ya iliyochoka huleta ulalo mpya.

Nunua yu-bolti mpya pamoja na nati zake. Yu-bolti ikishakazwa mara moja hurefuka kidogo, na ikifungwa mara ya pili haishiki kwa nguvu ileile. Usikubali yu-bolti iliyokunjwa kwa nondo ya ujenzi, ambayo wapo wanaoitengeneza kwa bei ndogo; chuma chake ni laini, hulegea, na yu-bolti ikilegea senta bolti peke yake haiwezi kuizuia ekseli.

Spana ziwe za inchi. Spana ya milimita inayokaribia ukubwa huo hula pembe za nati, na nati ya pini yenye pembe za mviringo inaweza kukupotezea siku nzima. Vifaa vingine ni jeki mbili, stendi mbili za chuma, msumeno wa chuma pamoja na visu vyake vya akiba, tindo, nyundo ya kilo mbili, jiliwa imara, na bolti ndefu yenye washa nene na kipande cha bomba kwa ajili ya kuvuta bushi.

Siku tatu au nne kabla ya kazi, anza kuzilowesha nati zote za yu-bolti, pini za springi na shekeli kwa mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Anayekosa ya dukani anaweza kuchanganya mafuta ya taa na oili nyepesi. Uvumilivu wa hatua hii unaokoa nusu ya kazi yote.

Kulinyanyua gari

Udongo wa sehemu kubwa ya mji wa Tabora ni wa kichanga, na jeki iliyowekwa juu yake huzama taratibu bila kutoa sauti. Weka chini ya kila jeki na kila stendi kipande kipana cha ubao mgumu. Masalia ya mninga au mkurungu kutoka kwa maseremala yanafaa sana. Usitumie matofali ya kuchoma hata kidogo, kwa sababu hubeba uzito vizuri mpaka dakika yanapopasuka, na yakipasuka hayatoi onyo.

Jambo la pili ni handibreki. Katika Land Rover hizi handibreki haishiki magurudumu, bali inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kuelekea difu ya nyuma, yaani gia zilizo kwenye ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Matokeo yake ni kwamba ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu gurudumu hilo kuzunguka huku lile lililo chini likibingirika, na gari linaondoka ingawa handibreki imevutwa mpaka mwisho. Ukinyanyua yote mawili, hakuna tena kitu kinacholizuia. Kwa hiyo ziba magurudumu ya mbele kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma, kulia na kushoto, kabla jeki haijagusa gari.

Nyanyua, kisha weka stendi chini ya chesisi, mbele kidogo ya bano la springi, mahali ambapo chuma ni kizima; gonga kwa nyundo ndogo na usikilize, kwani chesisi iliyooza hutoa mlio mfu na vipande vya kutu hudondoka. Jeki ya pili iwe chini ya ekseli, kazi yake ikiwa ni kuipandisha na kuishusha tu. Watoto na kuku wasipite hapo, na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee.

Unaposhusha ekseli, angalia hozi ya breki inayotoka chesisi hadi ekseli. Isivutike. Kama inaonyesha kuvutika, simama hapo hapo na uipandishe ekseli, kwa sababu hozi ya zamani huchanika kwa ndani na kuonekana nzima kwa nje.

Kufungua

Toa gurudumu, toa ncha ya chini ya shokomzoba, kisha fungua nati za yu-bolti na ushushe sahani ya chini. Zikigoma na umeshaamua kununua mpya, zikate kwa msumeno bila huruma. Pandisha ekseli kidogo ili iache springi.

Sasa zinabaki pini, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Pini ya shekeli haikushikwa na nati peke yake: kipande kimoja cha shekeli kina uzi ndani yake, pini imekazwa kwenye uzi huo, na nati ya nje ni ya kufungia tu. Anayetoa nati na kuanza kuipiga pini kwa nyundo anang'oa uzi wa shekeli. Toa kwanza nati, kisha izungushe pini yenyewe kwa spana mpaka itoke kwenye uzi, ndipo uigonge.

Mara nyingi pini itazunguka lakini haitatoka, kwa sababu imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Njia safi ni kupitisha kisu cha msumeno kati ya springi na shekeli na kuikata pini pande zote mbili. Kazi hiyo inachukua muda mrefu na inachosha mikono, hata hivyo haiharibu kitu ambacho hukukusudia kubadilisha. Moto wa gesi ni wa haraka zaidi na wenye hatari zaidi: mpira unaoungua hutoa moshi mbaya wa kuvuta, na katika 109 ya Station Wagon tangi la mafuta liko nyuma, karibu kabisa na mahali unapotaka kuwasha moto. Kama tangi halijatolewa, tumia msumeno.

Bushi ya chesisi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Toboa mpira kwa drili ukizunguka mpaka bomba la ndani litoke pamoja na mpira wake, kisha pitisha kisu cha msumeno ndani ya tundu na ukate bomba la nje la bushi kwa urefu wake. Kata polepole, ukitazama mara kwa mara, na uache pale chuma cha bushi kinapokaribia kuisha, kwani chini yake kuna bomba la chesisi ambalo halitakiwi kuguswa. Mikato miwili iliyo karibu inatosha. Ukikunja kipande kilicho katikati yake kwa tindo, bushi hulegea na kutoka.

Safisha bomba la chesisi mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo sana, kisha vuta bushi mpya kwa bolti ndefu: washa nene upande mmoja, kipande cha bomba upande wa pili, kaza nati nayo itaingia ikiwa imenyooka. Anayeingiza bushi kwa nyundo hupinda ukingo wake, na bushi iliyoingia upande haidumu.

Kama unatumia springi ya zamani

Majani yakiwa hayana nyufa, springi inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa. Ibane kwanza kwenye jiliwa, au kwa klampu mbili imara, kabla ya kufungua senta bolti, kwa sababu majani yaliyopindwa tofauti yanabanwa na bolti hiyo kwa nguvu kubwa, na ikiachiwa ghafla yanaruka. Andika namba kwa chaki kwenye kila jani na uweke alama ya mbele.

Sugua kutu yote. Mahali ncha ya jani moja inaposugua jani la juu yake huwa panachimbika mfereji; mfereji mdogo unasawazishwa kwa msasa, ila jani lililochimbika kwa kina lisirudi garini. Paka grisi yenye grafiti kati ya majani na ufunge kwa senta bolti mpya.

Jani lililovunjika lisichomelewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo pembeni ya kiungo. Jani litavunjika tena, kwa kawaida kando tu ya mahali lilipochomelewa, na huenda gari likawa na watu barabarani. Kwa sababu hiyohiyo mpe kazi fundi anayepinda springi kwa nyundo ikiwa baridi, na umkatae anayeiweka motoni mpaka iwe nyekundu. Hata springi iliyopindwa vizuri ikiwa baridi hairudishi miaka yake yote. Inafaa kwa gari linalotembea mjini. Kwa gari linalobeba mizigo ya kwenda Sikonge au Kaliua ningenunua mpya.

Kufunga, na wakati wa kukaza

Anza na pini ya mbele, halafu shekeli, zote zikiwa zimepakwa grisi kidogo sehemu inayopita kwenye bomba la bushi ili zisije zikashikwa na kutu tena. Ziingize na kuzikaza kwa mkono tu. Shusha ekseli taratibu huku ukihakikisha kichwa cha senta bolti kimeingia kwenye tundu la kikalio; usiridhike kwa kuona, pitisha kidole uthibitishe kwamba springi na kikalio vimekutana bila nafasi. Weka yu-bolti na sahani, kisha kaza nati nne kwa mshazari, kidogo kidogo, urefu wa uzi unaochomoza ukiwa sawa kwa zote. Rudisha shokomzoba kwa raba mpya. Kama shokomzoba inavuja oili, au unaweza kuivuta na kuisukuma kwa mkono bila kizuizi, badilisha zote mbili.

Funga magurudumu na ulishushe gari chini. Pini bado hazijakazwa, na ndivyo inavyotakiwa. Likalie gari kwa nyuma, litikise juu na chini mara kadhaa, lisogeze mbele na nyuma ili springi ipate mkao wake. Sasa ndipo uingie chini, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na magurudumu yakiwa yamezibwa, ukaze pini za mbele, kisha pini za shekeli kwenye uzi wake, na mwisho nati za kufungia.

Sababu ni ule mpira ulioelezwa mwanzoni. Ukikaza pini springi ikiwa inaning'inia, mpira unashikwa katika mkao huo. Gari likishushwa unajinyonga na kubaki umenyongwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Gari litasimama juu kupita kiasi kwa wiki chache na mwenyewe atafurahi, baadaye mpira utachanika na gari litashuka na kuanza kugonga, naye atarudi gereji kuambiwa aongeze jani.

Pima tena urefu kutoka ekseli hadi raba ya kugonga, pande zote mbili. Tofauti ndogo springi zikiwa mpya na gari likiwa tupu isikusumbue, kwa kuwa upande wa dereva huanza ukiwa juu kidogo na hukaa sawa baada ya safari chache. Kagua hozi ya breki, kanyaga breki mara kadhaa, kisha liendeshe polepole kwenye barabara ya vumbi ukiwa umefungua dirisha na kusikiliza.

Baada ya kilomita mia moja hivi kaza tena yu-bolti zote, kwa sababu majani mapya na rangi iliyo kati yake hubanana na kuacha nafasi. Rudia baada ya mwezi. Wakati wa masika, ukitoka kwenye tope jeusi la mbuga, oshea springi na shekeli kwa maji mengi kabla tope halijakauka, maana likikauka hushika unyevu kati ya majani kwa siku nyingi. Usifuate ile desturi ya kumwagia oili chafu sehemu yote ya chini: majani ya springi hayadhuriki nayo, lakini mpira wa bushi na wa shokomzoba ukilowa oili huvimba, hulainika na kukatika. Kama unataka kuyalinda majani, paka grisi kwa brashi katikati ya springi na uache kiasi cha shubiri moja kutoka kila jicho.